Kuchomoa Si Kufuta: Hotuba kwa Wasanidi Kuhusu Nyongeza za Winguni

Mabibi na mabwana, walimu wangu mliokaa mbele, na vijana mliojibanza kule nyuma karibu na soketi za umeme, hamjambo.

Kabla sijaanza, niruhusuni nibonyeze kitu kimoja, maana kitachukua muda na mimi sipendi kusubiri nikiwa nimenyamaza. Terminali yangu, yaani dirisha la kuandikia amri, mnaiona kwenye skrini. Naiomba Heroku, jukwaa la kuendeshea aplikesheni winguni, iniundie hifadhidata. Naandika:

heroku addons:create heroku-postgresql:standard-0 --app onyesho-la-leo

Haya, nimebonyeza. Imejibu kwamba hifadhidata inaundwa chinichini, kwamba imepewa jina postgresql-curved-48213, na kwamba aplikesheni itawashwa upya kazi ikikamilika. Tuiache hapo, tutairudia.

Nimeombwa nizungumzie programu-jalizi ya mstari wa amri ya Heroku, yaani kipande kinachochomekwa kwenye programu kuu kuiongezea amri, inayosimamia nyongeza za aplikesheni zilizoko winguni. Najua mada hii haina mvuto. Rafiki yangu mmoja alinishauri nipachike maneno "akili mnemba" mahali fulani kwenye kichwa cha habari ili watu waje. Sikupachika, na mmekuja, nashukuru.

Mimi mada hii niliingizwa na aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitunza duka la mtandaoni la mteja mmoja. Tulikuwa na aplikesheni mbili, moja ya majaribio na nyingine ya kweli, ile wanayoingia wanunuzi. Siku hiyo, yapata saa nne asubuhi, nilitaka kuondoa hifadhidata ya majaribio kwa sababu ilikuwa imejaa takataka nilizozimwaga mwenyewe. Nilikuwa nimefungua madirisha mawili ya terminali, yote meusi, kishale kilekile kikipepesa kote kuwili. Nikaandika amri ya kuondoa. Jukwaa tulilolitumia, ambalo sitalitaja, likaniuliza kama nina uhakika: y au n. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye y kabla jicho halijamaliza kusoma swali. Likatokea neno la kunijulisha kwamba imeondolewa. Nikanywa maji. Sijui kwa nini nakumbuka kwamba nilikunywa maji, lakini nakumbuka. Dakika mbili baadaye simu ikaita.

Nilikuwa kwenye dirisha la duka la kweli.

Nakala rudufu ya mwisho ilikuwa ya usiku wa manane. Oda zote zilizoingia tangu hapo hazikuwa popote, isipokuwa kwenye barua pepe za risiti ambazo mfumo uliwatumia wanunuzi na kubakiza nakala. Tulikaa watu watatu: mmoja anasoma risiti kwa sauti, mmoja anaingiza, mmoja anahakiki. Tulimaliza saa tano usiku. Mteja hakunifukuza. Angenifukuza labda ningesahau mapema zaidi.

Sasa, kwa wale ambao hawajaweka kitu winguni bado, nieleze haraka nyongeza ni nini, wengine mnivumilie. Aplikesheni ikiwa winguni ni msimbo unaoendeshwa tu, haina kabati la kuwekea vitu. Kwenye Heroku, kwa mfano, kisanduku kinachoendesha msimbo wako huitwa dyno. Huwashwa upya angalau mara moja kwa siku, na faili lolote uliloandika kwenye diski yake linapotea hapohapo. Ukitaka kitu kidumu, unaomba huduma ya pembeni: hifadhidata ya Postgres, Redis ya kushikia mambo ya haraka, huduma ya kutuma barua pepe, huduma ya kukusanya logi, yaani kumbukumbu za matukio. Hizo ndizo nyongeza. Chache huendeshwa na jukwaa lenyewe. Nyingi ni za kampuni nyingine kabisa: wewe unaandika amri, jukwaa linaipelekea kampuni ile ombi la HTTP, kampuni inakutengenezea chumba chako kwenye seva zake na kurudisha funguo.

Funguo hizo huwekwa kwenye vigeu vya mazingira, yaani majina yenye thamani ambayo aplikesheni huyasoma kutoka nje ya msimbo wake. Maarufu kuliko vyote ni DATABASE_URL: uzi mmoja mrefu wa herufi uliobeba jina la mtumiaji, nywila, anwani ya seva, namba ya lango ambayo kwa Postgres kwa kawaida ni 5432, na jina la hifadhidata. Msimbo wako haujui hifadhidata iko wapi. Unasoma uzi ule na kugonga mlango ulioandikwa humo.

Wazo hili lina wenyewe. Heroku ilianzishwa mwaka 2007 na James Lindenbaum, Adam Wiggins na Orion Henry, ikiwahudumia watu wa lugha ya programu ya Ruby, na mwishoni mwa 2010 kampuni ya Salesforce ikatangaza kuinunua. Mwaka 2011 Wiggins aliandika waraka uitwao The Twelve-Factor App, kanuni 12 za kuandika aplikesheni za namna hii. Kanuni ya tatu inataka usanidi ukae kwenye mazingira, nje ya msimbo. Ya nne inataka kila huduma ya pembeni ihesabiwe kuwa rasilimali iliyoambatishwa, kiasi kwamba unaweza kuibadilisha kwa nyingine bila kugusa hata mstari mmoja wa msimbo.

Iliyoambatishwa. Hapo ndipo nataka tukae, saa nzima ikibidi.

Hapo zamani amri za Heroku za kuweka na kutoa nyongeza zilikuwa mbili: addons:add na addons:remove. Weka, ondoa. Zinaeleweka hata na mtoto, na kwa muda zilitosha, kwa kuwa kila nyongeza ilikuwa na aplikesheni moja tu, na kila ikitoka kwenye aplikesheni imekufa. Baadaye watu wakataka hifadhidata moja itumiwe na aplikesheni mbili: ile inayoonyesha kurasa, na ile inayotengeneza ripoti usiku. Hapo "ondoa" ikawa neno la hatari. Naiondoa wapi? Naiondoa kwenye aplikesheni ya ripoti, au naiondoa duniani?

Kiswahili kilishalijibu swali hili kabla kompyuta hazijazaliwa. Tazameni vitenzi vyetu. Chomeka, chomoa. Bandika, bandua. Funga, fungua. Tega, tegua. Vaa, vua. Ukisikia jozi ya namna hii unajua papo hapo kwamba tendo lina njia ya kurudi: nilichokichomeka nitakichomoa, na nikishakichomoa bado kipo mkononi mwangu, naweza kukichomeka tena au kukichomeka kwingine. Sasa nipeni kinyume cha "unda". Kimya. Mimi sijawahi kumsikia mtu akisema "undua". Ukiunda kitu, kinyume chake unakiazima kwenye ukoo mwingine kabisa: unavunja, unabomoa, unafuta. Lugha inakuonya kwamba huko hakuna kurudi.

Ndiyo maana nilifurahi programu-jalizi ya nyongeza ilipogawanya amri zile mbili kuwa nne. addons:create, unda. addons:attach, chomeka. addons:detach, chomoa. addons:destroy, futa. Jozi ya katikati inarudika, ile ya nje hairudiki. Mwenye kuijua tofauti hii anajua karibu kila kitu nitakachosema leo, na kama ana basi la kuwahi aende salama.

Wenzetu wa Cloud Foundry, jukwaa lililotolewa na kampuni ya VMware mwaka 2011, walikwenda njia hiyohiyo kwa maneno mengine. Kwao unaunda huduma kwa cf create-service, kisha unaifunga kwenye aplikesheni kwa cf bind-service. Kuitoa ni cf unbind-service, na kuifuta ni cf delete-service. Ukijaribu kufuta huduma ambayo bado imefungwa kwenye aplikesheni fulani, inakataa: fungua kwanza. Funguo zote wanazirundika kwenye kigeu kimoja, VCAP_SERVICES, ndani ya JSON moja kubwa, yaani data iliyopangwa kwa maandishi ili programu iisome. Hilo mimi silipendi, lakini ni ladha tu.

Kwenye Heroku kuna mwenye nyumba na kuna wapangaji. Aplikesheni iliyounda hifadhidata ndiyo inayolipa bili, huyo ndiye mwenye nyumba. Aplikesheni nyingine zikiambatishwa zinaitumia kwa haki zote, lakini bili haiwahusu. Mpangaji akihama, yaani ukitumia addons:detach, kinachoondoka ni kigeu chake cha mazingira. Aplikesheni yake inawashwa upya bila ufunguo, na nyumba inabaki imesimama na vyombo vyake vyote. Mwenye nyumba mwenyewe hawezi kuhama akaiacha nyumba bila jina: ukijaribu kuchomoa kiambatisho cha mwisho cha aplikesheni inayolipa, jukwaa linakataa. Ama ukae, ama ubomoe. Na ukiamua kubomoa ilhali wapangaji wamo ndani, addons:destroy inakwama mpaka uongeze chaguo la --force, ambalo maelezo yake yanasema wazi kwamba linaruhusu kufuta hata kama nyongeza imeunganishwa na aplikesheni nyingine.

Kuna mtego mmoja hapa niutaje, maana umewakamata watu ninaowaheshimu. Ukifuta aplikesheni yenyewe, nyongeza zake zinakwenda nayo. Mwenye nyumba akifa anazikwa na nyumba. Kwa hiyo ile aplikesheni ya zamani ambayo hakuna anayeitazama, mliyoanzia enzi hizo mkiwa wawili, kabla hamjaifuta kwa usafi wa bili, hakikisheni si yake ile hifadhidata mnayoitumia leo.

Na unahakikishaje? Kwa kusoma. Programu-jalizi hii ina amri moja isiyo na mbwembwe: heroku addons. Inachora jedwali. Kila nyongeza ina mstari wake: jina la huduma, jina lake la pekee kwenye mabano, mpango, bei, hali. Chini ya kila mstari kuna vitawi vidogo, vimechorwa kwa herufi za mistari kama mizizi ya mhogo: "as DATABASE", au rangi fulani, au jina ulilolitoa mwenyewe. Vile vitawi ndivyo viambatisho. Kama kitawi ni cha aplikesheni nyingine, jina la aplikesheni hiyo linaonekana. Mwishoni kabisa kuna sentensi inayokukumbusha kwamba jedwali linaonyesha nyongeza pamoja na viambatisho vya aplikesheni hii au nyingine. Watu wengi huiruka sentensi hiyo. Mimi naiona kuwa kazi ya mtu aliyewahi kukaa na risiti hadi saa tano usiku.

Nimetaja rangi. Hifadhidata za Postgres za ziada hupewa vigeu vyenye majina ya rangi, kama HEROKU_POSTGRESQL_ROSE_URL. Nilipoviona mara ya kwanza nilidhani ni utani wa vijana. Kumbe vina kazi. Mkiwa watu wanne kwenye simu usiku, mmoja akisema "ya waridi", hakuna anayechanganya na ya machungwa. Ukisema "ile ya 48213", kuna atakayesikia 48231.

Sasa tuone rangi hizo zikifanya kazi, maana hapa ndipo chomeka na chomoa zinapolipa. Una hifadhidata ndogo imejaa, unataka kuhamia kubwa. Unaunda kubwa, inapewa rangi, tuseme waridi. Unanakili data. Kisha unaandika heroku pg:promote na jina la ile ya waridi. Amri hii inaihamisha DATABASE_URL ielekee kwenye hifadhidata mpya. Lakini tazameni inachokifanya kabla: inahakikisha kwanza kwamba hifadhidata ya zamani ina mpini mwingine, rangi nyingine, na kama haina inaitengenezea. Ndipo inapoichukua DATABASE. Haikubali ya zamani ibaki inaelea bila mtu kuishika. Ukigundua saa moja baadaye kwamba jedwali moja halikunakiliwa, ya zamani ipo palepale, rangi yake unaijua, unairudia. Hakuna kilichofutwa. Kufuta utakuja kufuta wiki ijayo, mchana, ukiwa umeshiba na umelala.

Tahadhari moja tu kuhusu kurudi nyuma. Kila ukichomeka au kuchomoa, jukwaa linahesabu toleo jipya, utaliona ukiandika heroku releases. Wapo wanaodhani kwamba heroku rollback itawarudishia na hifadhidata. Hairudishi. Inarudisha msimbo na vigeu vya usanidi. Hifadhidata haihusiki, na iliyofutwa imefutwa.

Nirudi kwenye kidole changu na ile y.

Kwa nini y ni mbaya? Kwa sababu jibu ni lilelile kila mara. Mkono unalikariri. Baada ya mara ya ishirini swali halisomwi tena, linasikika kama mlango unaolia na wewe unausukuma tu. Programu-jalizi ya Heroku haikuulizi kama una uhakika. Inakuambia kwamba hili ni tendo la uharibifu, inakutajia aplikesheni itakayoguswa, na inakutaka uliandike jina la aplikesheni hiyo herufi kwa herufi. Ukiandika jingine, inagoma. Ningeandikishwa jina siku ile, ningeandika jina la aplikesheni ya majaribio, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo kichwani, na amri ingekwama. Jibu lingetoka kichwani mwangu na kukutana na ukweli ulioko kwenye skrini, na tofauti ingeonekana. Ile y haina kichwa ndani yake.

Kwa skripti, yaani faili la amri zinazojiendesha zenyewe, kuna chaguo la --confirm, ambalo nalo linadai jina la aplikesheni. Huwezi kuweka --confirm peke yake ukaendelea. Na --confirm si --force: la kwanza linasema najua niko wapi, la pili linasema najua kuna wapangaji. Nimeona vyombo vingine vimeyaunganisha haya mawili kwenye herufi moja ndogo. Aliyefanya hivyo aliokoa herufi kadhaa.

Jambo jingine la niko wapi. Ukiwa ndani ya folda ya mradi na hukutaja --app, programu inaangalia Git, kile chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, imeunganishwa na aplikesheni ipi na kuichukua hiyo. Ni raha. Lakini kama folda ina viunganisho viwili, kimoja cha majaribio na kimoja cha kweli, haibahatishi. Inasimama na kukutaka uchague kwa --app au --remote. Vivyo hivyo kwa majina ya nyongeza. Unaweza kuiita nyongeza kwa jina la huduma, kwa jina lake la pekee, au kwa jina la kiambatisho, lolote linalokujia. Jina likigusa nyongeza mbili, inakataa na kukuorodheshea zote zinazolingana. Kuna wanaolalamika kwamba inachosha. Mimi nawauliza: mlitaka ichague ipi?

Subirini, nitupie jicho skrini. Naandika heroku addons:info na jina. Hali bado ni "creating". Sawa.

Hiyo "creating" nayo ina somo, nilieleze upesi. Nyongeza nyingine zinatokea mara moja, nyingine zinachukua dakika, kwa sababu upande wa pili kuna seva halisi inayowashwa na diski inayoandaliwa. Kampuni inayotoa huduma inaruhusiwa kulijibu jukwaa kwa namba 202, yaani nimelipokea ombi, nalishughulikia. Skripti ya mgeni inaunda hifadhidata na mstari unaofuata unajaribu kuingiza majedwali ndani yake, halafu anashangaa kwa nini inashindwa Jumatatu na kufaulu Jumanne. Ipo amri ya addons:wait kwa ajili hiyo, na addons:create ina chaguo la --wait. Tumieni. Msiandike sleep 120, yaani lala sekunde 120, nawasihi, hiyo ni kupiga ramli.

Nizungumze na wanaotaka kuandika programu-jalizi zao, maana naona kuna wawili watatu wananikodolea macho.

Kwanza, mfumo wa jalizi wenyewe si uchawi. Git inafanya hivi: ukiweka kwenye njia ya programu zako faili linaloendeshwa lenye jina git-salamu, basi git salamu imekuwa amri. Kubectl, programu ya amri ya Kubernetes, mfumo wa kusimamia aplikesheni kwenye seva nyingi, inafuata mtindo huohuo, kubectl-salamu. Programu ya amri ya Heroku yenyewe ilianza kama jemu ya Ruby, yaani kifurushi cha lugha hiyo, siku hizi imejengwa juu ya oclif, kiunzi cha JavaScript na TypeScript walichokitoa kwa umma mwaka 2018. Amri kama addons:create ni faili moja lenye darasa moja, na wewe unaweza kuongeza darasa lako kwa heroku plugins:install, au wakati bado unalichonga, kwa heroku plugins:link ukielekeza folda yako.

Pili, na hapa nisikilizeni vizuri: jalizi inaendeshwa kwa mamlaka yako. Haina chumba chake cha kufungiwa. Tokeni yako, yaani ufunguo wa kuingilia Heroku, kwa miaka mingi imekuwa ikikaa kwenye faili la .netrc ndani ya folda yako ya nyumbani, na programu yoyote uliyoiendesha kwa jina lako inaweza kulisoma. Ukisakinisha jalizi ya mtu usiyemjua ili ikupangie nyongeza kwa rangi za kupendeza, umempa funguo za hifadhidata zote ulizo nazo. Soma msimbo wake. Kama huna muda wa kuusoma, basi huna muda wa kuisakinisha.

Tatu, jalizi yako ina wasomaji wawili, mtu na skripti. Mtu anataka jedwali lenye vitawi na neno la kumtuliza wakati kazi inaendelea. Skripti inataka JSON kavu. Maneno ya "inaunda, subiri" yapelekeni kwenye mkondo wa hitilafu, matokeo yenyewe yaende kwenye mkondo wa kawaida, na kuwe na chaguo la --json. Kazi ikishindwa, rudisheni namba isiyo sifuri, maana sifuri husomwa kuwa kazi imefaulu. Nilishawahi kuandika jalizi ya timu yangu iliyokuwa ikiandika "imeshindwa" kwa rangi nyekundu nzuri kabisa, kisha ikitoka na sifuri. Skripti haioni rangi. Iliendelea na safari kwa furaha.

Na nne, msichapishe thamani za funguo kwenye skrini bila kuombwa. Onyesheni jina la kigeu, DATABASE_URL, inatosha. Uzi wenyewe una nywila ndani, na logi za mashine za majaribio husomwa na watu wengi kuliko mnavyodhani.

Tarehe 28 Novemba 2022 Heroku ilisimamisha mipango ya bure, ikiwemo hifadhidata za bure, baada ya kutangaza Agosti ya mwaka huohuo. Nilikuwa na aplikesheni za majaribio ambazo sikukumbuka hata kwa nini nilizianzisha. Nilikaa jioni nzima na heroku addons --all, nikipitia mstari kwa mstari. Nikakuta hifadhidata moja iliyokuwa na kitawi cha aplikesheni ya rafiki niliyemsaidia zamani. Yeye mpangaji, mimi mwenye nyumba, na sote wawili tulikuwa tumesahau. Kama si kile kitawi ningeibomoa juu ya kichwa chake. Nikampigia. Akasema, "Kaka, hiyo ndiyo yenye wanafunzi wangu wote." Akachukua nakala, akaipeleka kwake, nikachomoa, na siku tatu baadaye, alipothibitisha, nikafuta.

Haya, tuangalie skrini. Naandika tena addons:info. Naam: "created". Naandika heroku addons --app onyesho-la-leo. Mnauona mstari wake, na chini yake kitawi kimoja tu: as DATABASE. Mwenye nyumba peke yake, hana wapangaji.

Kwa kuwa saa ya bili imeshaanza kuhesabu, naifuta mbele yenu. heroku addons:destroy postgresql-curved-48213 --app onyesho-la-leo. Inanionya, inataka niandike jina. Nisomeeni ninyi, mimi naandika. Taratibu, yule wa nyuma asiwatangulie wenzake. Onyesho, kistari, la, kistari, leo.

Imekwenda. Maswali sasa. Dada pale karibu na dirisha, ulinyoosha mkono tangu kwenye --force.